Orodha ya Nyimbo Kumi na Moja

Faili lenyewe lilikuwa dogo mno, halitoshi hata pumzi ya mwimbaji. Lakini mume wa mshonaji alikuwa amelificha ndani ya folda ya picha za harusi ya shemeji, mahali ambapo hakuna anayerudi kutazama.

Mshonaji alilinakili kwenye flashi, akaenda nalo kwa fundi wa kompyuta, mtaa wa pili. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mkoba kaukumbatia.

"Limeandikwa 'nyimbo'," alisema. "Nikilibofya, linakataa. Mume wangu mwalimu wa hesabu, hajui hata kupiga mluzi. Nyimbo za nini?"

Fundi alishusha pazia la duka, akavuta kiti. "Tazama herufi za mwisho, baada ya nukta. Hii m3u si wimbo, ni orodha tu. Inaiambia kompyuta nyimbo ziko wapi na zifuatane vipi. Zenyewe ziko kwingine."

Akalifungua kama maandishi ya kawaida. Mistari kumi na mmoja ikajipanga kwenye kioo, kila mmoja na tarehe yake, yote ikiishia na amr.

"Na hiyo amr?"

Fundi alikuna kidevu. "Hiyo si muziki. Ni sauti iliyorekodiwa kwa simu. Watu wakiongea."

Moyo ulimruka mshonaji, kwa hofu na, Mungu amsamehe, kwa furaha kidogo. Kumbe ana mtu! Ndiyo maana tangu mumewe amletee ile simu mpya amekuwa bubu mezani, anamtazama tu kama hesabu iliyokataa jibu. Sasa angeondoka nyumba ile kichwa juu, na asiwepo wifi wala mama mkwe wa kumnyooshea kidole.

"Mistari yote inaanza na E," fundi alisema. "Hiyo ni flashi nyingine, au kadi ya simu. Itafute."

Siku tatu alipekua. Makoti, viatu, madaftari ya wanafunzi. Asubuhi ya nne, mwalimu akiwa kazini, kadi ndogo ilidondoka kutoka kwenye kasha la miwani. Mshonaji hakuaga mashine wala wateja. Alifika dukani akihema.

"Nimemkamata," alisema.

Fundi aliichomeka kadi, akabofya orodha. Safari hii ilikubali. Wakainamisha vichwa kwenye spika.

Kwanza kilisikika kicheko cha mwanamke, cha chini, cha mtu anayejibana asisikike chumba cha pili. Mshonaji alikijua. Kicheko kile kilikuwa chake.

Kisha sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka: "Utamwambia lini mumeo kuhusu sisi?"

Fundi alirusha mkono kuizima sauti yake mwenyewe.