Salamu ya Kushoto

Siku daktari alipomvua kola ya shingo, Bi Tatu alirudi nyumbani ameibana kwapani. "Mfupa umeunga, mama. Geuza kichwa upendavyo," daktari alimwambia, lakini njia nzima alitazama mbele tu.

Zilikuwa zimepita wiki kumi na mbili tangu ateleze mlangoni pa bafu. Wiki zote hizo aliswali kitini, na mwisho wa sala alitoa salamu kwa macho, kichwa hakisogei.

"Malaika wako wa mabegani watakushtaki, dada," mdogo wake Mize alizoea kumtania. "Miezi mitatu sasa huwageukii."

Alasiri ile waliswali pamoja, Mize kwenye mkeka kushoto kwake, yeye kitini kama kawaida. Sala ikafika mwisho. Akageuza kichwa kulia, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Akaliona dirisha, na nguo zilizoanikwa uani. Shingo ilikuwa ngumu, lakini haikuuma.

Akageuka kushoto.

Mize alikuwa bado hajatoa salamu yake. Mdogo wake huyu mwingi wa maneno, aliyemwogesha na kumlisha kwa kijiko, alikuwa amezama katika dua, macho ameyafumba kwa nguvu, vidole vimeng'ang'ania pindo la kanga.

Bi Tatu hakumwita. Alibaki amemgeukia vilevile, akingoja macho yale yafumbuke.