Daraja la Somoe

"Umepata daraja gani?" Mshamu alimuuliza bintiye kabla hajavua viatu vya shule.

Somoe alifurahi kuulizwa. "La vijiti vya mishikaki, baba," akasema, akalitua sakafuni: daraja la miguu minne, limefungwa kwa uzi, limegandishwa kwa uji wa muhogo.

Mshamu alikuwa anaulizia matokeo ya mtihani. Akaona anafanyiwa mzaha. Kofi la kwanza lilimpasua Somoe mdomo, la pili likamkalisha chini.

"Unanichezea mimi?"

Akalikanyaga daraja. Likalia, lakini halikuvunjika. Akalikanyaga tena kwa nguvu zake zote. Kijiti kimoja kikachomoka, kikamchoma wayo. Hasira zikampanda, naye akalipanda daraja kwa miguu yote miwili, mikono kaitanua asianguke.

Daraja likapinda, likatulia.

Darasani mwalimu alisema daraja likibeba mzigo mpaka mtu ahesabu kumi, limefaulu. Somoe, mdomo umejaa damu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika saba Mshamu alikuwa amebana pumzi, na uzi umeanza kulowa damu ya wayo wake.

"Nane," akasema Somoe.