Kuku wa Kwenye Simu

Siku hiyo Redio hakuwa na sauti, na jambo hilo liliwashangaza watu wa nyumba kuliko hata begi la wifi yake lililokuwa limesimama mlangoni.

Redio ni jina walilombandika tangu utotoni. Aliendesha sherehe za watu, alisoma matangazo ya maduka, na akikuiga unavyoongea utacheka mpaka ujisahau kuwa unachekwa wewe. Leo alijikunja pembeni ya kochi, kitambaa shingoni, kikombe cha maji ya tangawizi mkononi. Ukimuuliza, ananong'ona kuwa ni mafua, yamemkaba tangu asubuhi, tangu wifi alipompigia kumsimulia habari za kuku.

"Betri zimekwisha huyo," mjomba alisema. "Mtikiseni."

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kilichowaleta.

Kinyozi, mdogo wake Redio, alikuwa kwenye stuli katikati ya sebule, kama mteja anayesubiri kunyolewa. Kwanza vilikwenda viti vya dukani kwake, vikafuata vioo. Jana mkewe alipita akakuta hata mashine ya kunyolea haipo, na mume ameinamia simu, nyaya masikioni. Kwenye simu kulikuwa na kuku mnene aliyevaa kilemba.

Kinyozi alikuwa ameeleza mara nyingi kwamba ni mchezo tu. Kuku anataga, wewe unachagua yai, unalipasua. Mama yake alimuunga mkono. Yule kuku amemwona kwa macho yake, anapepesa kope kama bibi harusi, kuna ubaya gani hapo?

Ndipo wifi alipomwita fundi simu wa mtaani. Fundi aliishika ile simu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake, akabonyeza hapa na pale, akaguna. Mchezo wa watoto, aliwaambia, haukuombi namba ya siri ya pesa zako. Haukushindishi siku za mwanzo halafu ukakukausha. Na hiki alichoshinda shemeji, hebu ajaribu kukitoa. Kila akigusa, wanamwekea sharti jingine.

"Hii ni kamari, mama," alisema. "Wameivisha kilemba tu."

Kamari aliyoijua mama ilikuwa na karata, moshi na wanaume wasiorudi nyumbani. Hii ilikuwa imekaa mezani kwake, imepambwa manyoya.

Wifi hakulia, machozi alikuwa ameyamaliza. Alisema vitu vilivyouzwa vimeuzwa, hataki tena kuvisikia. Swali lake lilikuwa moja.

"Mtu haanguki hivi peke yake. Aliniapia ataacha, akarudi. Akaapa tena, akarudi. Yupo mtu anamsukuma. Anitajie huyo mtu, mimi nirudishe begi ndani. Asiponitajia, naondoka na mwanangu."

Kinyozi alitazama vidole vyake vya miguu. "Hakuna mtu."

"Nani anakurudisha?"

"Ni mimi mwenyewe, mama watoto. Usimtafute mtu."

Redio aliweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, wakati mama yao alipokuwa akishinda kazini. Ndiye aliyekaa nyuma yake uani siku alipoanza kunyoa vichwa vya binamu zao, wakatoka wamechakazwa kama shamba lililoingiwa na mbuzi, naye akatupa mkasi akisema hawezi. Redio aliuokota mkasi, akamrudishia, akamwambia bado kidogo tu, mdogo wangu. Mpaka leo, mteja akimsifu, kinyozi humhadithia habari ya yale maneno.

"Hiyo simu nilimpa mimi," Redio alinong'ona.

Basi wote wakageuka kumfariji. Mama alisema kumpa mtu simu si dhambi. Mjomba alisema angempa jembe angeliuza vilevile. Wifi akaacha mlango, akaja akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Wewe ndiye uliyetusitiri, wifi. Kodi ya duka si ulitulipia wewe, ulipolipwa ile kazi yako ya katuni? Usijitwishe makosa ya mtu mzima."

Matusi yangemwumiza kidogo kuliko ule mkono. Redio alifungua mdomo aseme, akakutana na macho ya mdogo wake. Kinyozi alitikisa kichwa, kidogo mno, kama anavyomwonya mteja asisogee wembe ukiwa shingoni. Redio akafunga mdomo.

Fundi simu, maskini, hakuwa amemaliza somo lake. Ipo dalili moja, alisema, haionekani kwa macho. Michezo hii huongea. Wanaiwekea sauti tamu, ya mtu anayekupenda, ili ukitaka kuondoka ujione unamtupa mwenzako. Ndiyo maana shemeji havui nyaya masikioni.

"Acha," kinyozi alisema, akainuka. "Nimekubali ni kamari. Yamekwisha. Sauti ya nini tena?"

"Wasikie na wao, wapone."

"Nimesema acha, fundi. Nakuomba."

Hapo wifi alimtazama mumewe upya. Mwanamume aliyeona viti, vioo na mashine vikiondoka bila kupandisha sauti, sasa alikuwa ananyoosha mikono yote miwili kugombea waya.

Alichelewa. Fundi alishauchomoa, akagusa yai. Lilikuwa viza. Kuku mwenye kilemba aliinamisha kichwa kwa huruma, akapiga mabawa, na sauti ikajaa sebule nzima, nzito, ya uchangamfu, haina mafua hata kidogo:

"Bado kidogo tu, mdogo wangu."