Bunduki ya Mninga

Siku ya kuagwa kwake, baada ya kutumikia mgambo tangu ujanani, Lugendo aliitwa ghalani na koplo mtunza silaha.

"Mzee, rudisha bunduki. Hiyo ni mali ya jeshi, hata kama ni ya mti."

Lugendo aliichonga mwenyewe kwa mninga, pale alipoambiwa za chuma hazitoshi, avumilie kidogo. Ndiyo aliyolindia daraja wakati wa mafuriko. Ndiyo aliyoinamisha kwenye kaburi la mwenzake aliyesombwa na maji.

"Mali ya jeshi? Jeshi lilipanda mninga lini?"

"Mimi nimeagizwa tu, mzee."

Koplo akasukuma mlango wa ghala atafute pa kuiweka. Ndani, bunduki za chuma zilipangwa hadi darini, bado zimeviringishwa karatasi zenye grisi, na karatasi zenyewe zimeshakuwa za njano.

"Kumbe zilikuwepo!"

"Hizo ni za askari."

"Na mimi je? Miaka yote hii mlikuwa mnanichezea?"

Lugendo akaishusha bunduki yake begani, taratibu, kama alivyofunzwa, akamlenga koplo kifuani.

Koplo alikuwa ameshanyoosha mikono juu.