Mtawala Nyuma ya Kitambaa

Napot alikuwa amelala kifudifudi, vumbi la chokaa limemjaa puani, akimwomba Chaak, mwenye mvua, amzuilie chafya. Kando yake, kifudifudi vilevile, alilala adui yake Nachan, mkuu wa mji wa pili.

"Sogea huko," Napot alinong'ona. "Kiwiko chako kimeingia kwetu."

"Kwenu wapi? Hapa kwetu, hadi kwenye mti ule."

Ugomvi wao ulikuwa shimo la maji lililo katikati ya miji yao. Tangu mwezi uandame, wanaume wa pande zote mbili walilizunguka kwa mikuki, na hakuna mtungi uliothubutu kushuka. Wasipoamuliwa leo, kesho ni vita. Na Napot alijua vizuri kwamba mkuu anayepoteza maji hupoteza na mkeka wake wa ukuu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Nachan alikuwa mwanyumba wake. Walioa ndugu wa tumbo moja, mabinti wa Bibi Ix Pukab, mama mkwe ambaye wote wawili, kama adabu ilivyotaka, walimkwepa njiani mwaka hadi mwaka.

Bahati nzuri, asubuhi ile ilikuja habari kuwa Mtawala Mkuu anapita. Baragumu likalia, machela ikatua. Wabebaji, nyuso zao zimepakwa rangi nyeusi, wakainua kitambaa cheupe mbele yake, maana uso wa Mtawala hautazamwi na kila mla mahindi. Wakuu wetu wawili wakajitupa chini.

"Semeni," ikatoka sauti, nzito kama ya mtu mwenye mafua.

"Mtukufu," Napot akaanza, "babu yetu wa kwanza alitoka ndani ya maji haya, ameshika hindi mkononi."

"Wa kwetu alimtangulia!" Nachan akadakia. "Huyo wao alikuta nyayo zetu bado mbichi."

"Mwongo mkubwa! Babu yenu alitumbukia kwa ulevi, wa kwetu akamwopoa!"

Nyuma ya kitambaa mtu alikohoa, au labda alicheka. Napot hakuthubutu kuinua macho.

"Na hao mababu walipotoka majini," sauti iliuliza, "nani aliwasagia hilo hindi?"

Hadithi za wazee hazikufika huko.

"Basi sikilizeni. Mpaka utalizunguka shimo, hautalikata. Ndani yake ataingia mwenye mtungi tu. Mwanamume atakayekanyaga pale na mkuki, mkeka wake nitaukalia mimi."

Napot aliumia moyoni, kisha akapoa alipokumbuka kwamba Nachan naye hakupata kitu. Kifo cha wengi harusi.

"Mtukufu amesema," wakaitikia kwa pamoja, na wanaume wao wakatupa mikuki chini, wengine wakicheka kwa nafuu. Machela ikainuliwa, ikayumba kidogo, ikapotea kwenye kona ya njia.

Ndipo Napot alipokumbuka zawadi. Bata mzinga mnono alikuwa bado amefungwa mtini! Kumwacha Mtawala aende mikono mitupu ni tusi lisilofutika. Akamnyakua, akatimua mbio. Nachan, asiyekubali kupitwa hata kwa unyenyekevu, naye akamfuata na gudulia la asali.

Walipopinda kona wakasimama ghafla.

Machela ilikuwa chini. Mke wa Napot alikuwa akijifuta jasho na rangi nyeusi usoni kwa kile kitambaa kitukufu. Juu ya ngozi ya chui, miguu ameinyoosha, Bibi Ix Pukab alikuwa akijikanda magoti.

Aliwatazama wakwe zake mmoja mmoja, wala hakushtuka.

"Afadhali mmekuja, wanangu," alisema. "Wabebaji wangu wamechoka."