Harufu ya Gunia

Siku moja ya mwaka 1954 askari walimvisha Gathogo gunia lenye matundu mawili ya macho, na kaka yake alipopita kwenye mstari wa washukiwa, Gathogo akaitikia kwa kichwa. Kaka akachukuliwa.

Kesho yake Gathogo alikuwa jikoni kwa bwana wake Mtaliano, huko Ruiru, akisugua kitunguu saumu kwenye mkate uliochomwa, nyanya zikingoja. Mke wa kaka yake akaingia akilia.

"Shemeji, mwombe bwana wako amtetee."

Akamshika mkono, akaunusa.

"Ni kitunguu cha Wataliano," Gathogo akasema.

"Jana nilipopita mbele ya lile gunia, lilinuka hivi hivi."

Gathogo akachukua kipande kingine cha mkate.

Kaka alikaa kizuizini miaka mitano. Watoto wake wanne hawakumwita Gathogo baba mdogo tena. Mama yao alipokufa, Gathogo aliambiwa siku ya tatu, mama akiwa ameshazikwa.