Punda wa Chuo cha Bondeni

Mbuzi wa Chuo cha Bondeni hawakumpenda Punda, mwalimu wao wa mazoezi ya viungo, kwa sababu kila alfajiri aliwakimbiza mlimani bila mpira. Siku ya fainali ya kandanda dhidi ya Swala, nahodha wao Beberu alimwambia, "Tukifungwa leo, mzee, ufungashe virago."

"Haya," alijibu Punda.

Swala waliwashambulia bila kufunga hadi dakika za nyongeza, kisha pumzi zikawaishia, wakabaki ndimi nje. Mbuzi bado walikuwa wakikimbia. Beberu akawapita mabeki waliosimama, akafunga.

Filimbi ilipolia, alimkuta Punda nyuma ya goli akitetemeka.

"Mzee, unatetemeka nini, na tumeshinda?"

"Nyinyi mlikuwa na mpira wa kukimbiza. Mimi nilisimama tu."

Beberu akainamisha mgongo, wenzake wakasaidia kumwinua mzee. Siku hiyo punda alibebwa.